Printa ya 3D: Kazi ya Wahandisi wa Mitambo na Manufaa Yake kwa Mafundi wa Tarime na Serengeti

Teknolojia ya uchapaji wa 3D, ambayo huunda kifaa kamili kwa kupanga plastiki tabaka juu ya tabaka, imewafikia mafundi wa Afrika Mashariki kwa sababu baadhi ya wahandisi wa mitambo waliamua kuweka michoro ya mashine zao wazi kwa kila mtu. Miongoni mwao ni Adrian Bowyer wa Uingereza, aliyebuni mashine yenye uwezo wa kuchapa sehemu za mashine nyingine kama yenyewe. Baada yake alikuja Roy Ombatti wa Kenya, aliyeanza kuunda mashine za aina hiyo jijini Nairobi kwa kutumia mabaki ya vifaa vya kielektroniki. Kazi zao zina maana ya pekee kwa wilaya zilizo mbali na viwanda na bandari, zikiwamo Tarime na Serengeti mkoani Mara.

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya katika mji wa Sirari. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam. Katika mazingira hayo, gia ndogo ya plastiki, kitasa cha mashine au kifuniko cha pampu kikivunjika, chombo kizima kinaweza kusimama. Gharama ya kukifuata kipuri huweza kuzidi bei yake, na wakati mwingine kipuri hakiuzwi peke yake, hivyo mwenye chombo hulazimika kununua kingine kipya. Uchapaji wa 3D unatoa njia nyingine: kipuri husafiri kikiwa mchoro wa kompyuta, kisha huundwa mahali kinapohitajika.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Uchapaji uliozoeleka huweka wino juu ya karatasi. Printa ya 3D hutumia uzi wa plastiki badala ya wino. Uzi huo, ambao kwa kawaida una kipenyo cha milimita 1.75, husukumwa na mota ndogo hadi kwenye ncha yenye joto. Plastiki aina ya PLA, inayotumiwa sana na wanaoanza, huyeyuka vizuri katika nyuzi joto kati ya 190 na 220 za Selsiasi. Hutoka kupitia tundu ambalo mara nyingi lina upana wa milimita 0.4, na kuchorwa juu ya sahani kwa kufuata umbo la kifaa. Tabaka moja likikamilika, ncha hupanda kidogo na kuanza tabaka linalofuata.

Kifaa chenye kimo cha milimita 30, kikichapwa kwa tabaka za milimita 0.2, kinahitaji tabaka 150. Kazi kama hiyo huweza kuchukua saa kadhaa kulingana na ukubwa wa kifaa. Kilo moja ya uzi wa PLA ina urefu wa takriban mita 330, na gia yenye uzito wa gramu 20 hutumia sehemu moja tu ya hamsini ya uzi huo. Kwa hiyo, katika vipuri vidogo, malighafi si gharama kubwa. Gharama kubwa iko katika mashine, umeme wa uhakika na ujuzi wa kuandaa mchoro sahihi.

Scott Crump na hataza ya mwaka 1989

Mhandisi wa mitambo Scott Crump wa Marekani ndiye aliyeanzisha njia hii ya kuyeyusha uzi na kuupanga tabaka kwa tabaka. Mwaka 1988 alitaka kumtengenezea binti yake mwanasesere wa chura. Alichanganya plastiki ya polietilini na nta ya mishumaa, akaweka mchanganyiko huo katika bastola ya gundi ya moto, kisha akajenga umbo la chura huyo tabaka moja baada ya jingine kwa mkono. Baadaye aliunganisha wazo hilo na mtambo unaoongozwa na kompyuta.

Mwaka 1989 Crump na mkewe, Lisa Crump, walianzisha kampuni ya Stratasys katika jimbo la Minnesota. Ombi la hataza liliwasilishwa Oktoba 30, 1989, na hataza ikatolewa Juni 9, 1992. Kabla yake, Mmarekani mwingine, Chuck Hull, alikuwa amepata hataza mwaka 1986 kwa njia tofauti, inayogandisha kimiminika kwa mwanga.

Hataza humpa mbunifu haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kibiashara kwa muda maalumu, naye kwa upande wake huuweka wazi uvumbuzi huo katika kumbukumbu za umma. Kwa miaka mingi mashine hizo ziliuzwa kwa bei iliyomudu viwanda vikubwa na vyuo vyenye fedha. Hataza ya Crump ilikoma mwaka 2009. Tangu hapo njia hiyo ikawa mali ya wote, na watengenezaji wa mashine za bei nafuu wakaongezeka haraka.

Adrian Bowyer na mashine inayojizalisha

Wakati hataza hiyo ikielekea ukingoni, mhandisi mwingine alikuwa tayari ameandaa njia. Adrian Bowyer, aliyezaliwa London mwaka 1952, alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo cha Imperial jijini humo na kupata shahada ya uzamivu hapo hapo. Mwaka 1977 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bath, akianza katika idara ya hisabati na baadaye kuhamia uhandisi. Mwaka 1981 alichapisha kanuni ya kukokotoa maumbo ya kijiometri, ambayo hadi sasa hujulikana kwa jina lake na la mtafiti David Watson.

Mwaka 2004 Bowyer aliandika hoja kwamba mashine inayoweza kuchapa sehemu zake yenyewe ingempa mtu mwenye kipato kidogo nyenzo ya uzalishaji bila kumlazimu kujenga kiwanda. Mradi wake, ulioitwa RepRap, ulianza mwaka 2005. Mashine ya kwanza iliyokamilika ilipewa jina la Darwin. Mei 29, 2008 mashine iliyoundwa kwa sehemu zilizochapwa na Darwin ilikamilishwa mjini Bath, na muda mfupi baadaye nayo ikachapa sehemu ya mashine ya kizazi cha tatu.

Darwin haikujiunda kikamilifu. Ukiondoa skrubu na nati, takriban nusu ya sehemu zake ndizo zilizochapwa. Vyuma vya mhimili, mota, nyaya na saketi vilinunuliwa madukani. Hata hivyo, Bowyer alichagua kwa makusudi vitu vinavyopatikana katika maduka ya kawaida ili fundi wa mahali popote aweze kuvikusanya. Gharama ya kuunda mashine ikashuka hadi mamia machache ya euro, ilhali mashine za viwandani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu.

Uamuzi wake mkubwa ulihusu umiliki. Bowyer alitoa michoro, programu na maelekezo yote kwa leseni huria. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mashine inayoweza kuchapa nakala yake huuzwa mara moja tu, kwa kuwa aliyeinunua anaweza kuwaundia wengine. Kujaribu kuizuia kungekuwa kazi bure, na kuiachilia kungewezesha kila anayeitumia kuiboresha na kurudisha maboresho hayo kwa wenzake. Ndivyo ilivyokuwa. Josef Průša wa Jamhuri ya Czech aliboresha michoro hiyo, na mwaka 2012 akatoa muundo uliotumiwa na kuigwa duniani kote. Bowyer alistaafu chuoni mwaka huo huo, na mwaka 2019 Uingereza ilimtunuku nishani kwa mchango wake katika uchapaji wa 3D.

Nairobi na Dar es Salaam

Uamuzi wa kuweka michoro wazi ndio uliowawezesha vijana wa Afrika Mashariki kuingia katika fani hii bila kuomba kibali cha kampuni ya ng'ambo. Roy Ombatti, akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alianza na tatizo analolifahamu kila mwanakijiji wa ukanda huu: funza. Mtu aliyeshambuliwa sana na funza hupata vidonda na miguu yake huweza kuharibika umbo, kiasi kwamba viatu vya kawaida havimwingii. Kutembea peku nako humrudisha penye vumbi lenye funza. Ombatti alipendekeza kupima mguu wa kila mgonjwa na kuchapa kiatu kinacholingana nao.

Wazo hilo lilimfikisha katika fainali za shindano la kimataifa lililoendeshwa mwaka 2012 na shirika la Uingereza la techfortrade, lililotafuta matumizi ya uchapaji wa 3D katika nchi zinazoendelea. Zawadi ya dola 100,000 za Marekani ilikwenda kwa kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, akiwamo Matthew Rogge, waliopendekeza kuunda vifaa vikubwa kwa plastiki iliyokwisha tumika.

Katika kuendeleza kazi yake, Ombatti alikabiliana na tatizo la mashine zenyewe. Printa zilizoagizwa kutoka nje zilikuwa ghali, na vipuri vyake vilikuwa mbali. Alianzisha jijini Nairobi kampuni ya African Born 3D Printing, inayofahamika kwa kifupi AB3D, ambayo huunda printa kwa kutumia mabaki ya vifaa vya kielektroniki pamoja na sehemu mpya pale inapolazimu. Kampuni hiyo ilijielekeza pia katika kutengeneza uzi wa kuchapia kutokana na plastiki iliyotumika.

Kwa upande wa Tanzania, kazi ya aina hiyo ilifanyika katikati ya muongo wa 2010 jijini Dar es Salaam katika kituo cha ubunifu cha Buni, kilicho chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Vijana wa kituo hicho, kwa ushirikiano na techfortrade, ambako Rogge alikuwa mhandisi, waliunda printa ya 3D kwa kutumia mabaki ya kompyuta, skana na printa za karatasi. Kazi hiyo ilionesha kwamba mashine inaweza kuundwa na kutengenezwa nchini na fundi anayeielewa.

Thamani ya michoro huria ilidhihirika tena mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19. Průša alitoa bure mchoro wa fremu ya ngao ya uso kwa ajili ya watumishi wa afya, na mafundi wa nchi nyingi wakaanza kuchapa ngao za aina hiyo. Jijini Nairobi, wenye printa za 3D walichapa ngao za uso wakati usafirishaji wa bidhaa kutoka nje ulipokuwa umekwama.

Mashine kutokana na taka za kielektroniki

Printa ya karatasi na printa ya 3D zinafanana katika mambo mengi ya kimakanika. Zote zina kichwa kinachoteleza juu ya chuma laini, kikivutwa na mkanda wenye meno unaozungushwa na mota. Kwa sababu hiyo, printa na skana za zamani zilizotupwa katika maofisi, shule na maduka ya huduma za uchapaji ni chanzo cha vyuma, mikanda na mota zinazozunguka kwa hatua zilizopimwa. Kompyuta chakavu hutoa kifaa cha kugawa umeme wa volti 12, ambacho huweza kuendesha printa ndogo.

Kazi hiyo ina masharti yake. Vifaa vya kugawa umeme huhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa, na fundi asiye mwangalifu anaweza kupigwa na umeme. Saketi hazipaswi kuchomwa moto, kwa kuwa zina madini ya risasi na kemikali zenye madhara kwa afya. Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021 zinaweka utaratibu wa ukusanyaji na uchakataji wa taka hizo, na anayekusudia kufanya kazi hiyo kibiashara hana budi kuwasiliana na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Vilevile, vifaa chakavu vya ofisi za umma ni mali ya Serikali, na huondolewa kwa taratibu za kisheria. Mkuu wa shule au mtumishi wa halmashauri hana mamlaka ya kuvigawa kwa fundi bila kufuata taratibu hizo.

Kinachofaa na kisichofaa kuchapwa

Fundi wa Tarime au Mugumu anayefikiria teknolojia hii anapaswa kufahamu mipaka yake kabla ya kutumia fedha. Plastiki ya PLA huanza kulegea katika nyuzi joto zinazokaribia 60 za Selsiasi. Kifaa cha PLA kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa juani huweza kupinda. Aina nyingine za plastiki, kama ABS na PETG, hustahimili joto zaidi lakini zinahitaji mashine iliyorekebishwa vizuri.

Udhaifu mwingine uko kati ya tabaka. Kifaa kilichochapwa huwa na nguvu katika mwelekeo wa tabaka, lakini huweza kukatika kikivutwa kwa namna inayozitenganisha. Kwa hiyo namna kifaa kinavyolazwa wakati wa kuchapwa ni uamuzi wa kihandisi, na makosa yake huonekana baadaye kifaa kikiwa kazini.

Vinavyofaa kuchapwa ni vitasa, vifuniko, vishikizo, gia zisizobeba mzigo mkubwa, viunganishi vya mabomba yasiyo na shinikizo, vielelezo vya kufundishia katika shule za sekondari na mabango yenye maandishi ya nukta nundu kwa wasioona. Visivyofaa ni sehemu za breki, usukani, vifaa vya kunyanyulia mizigo, mabomba ya gesi na sehemu yoyote ambayo kuvunjika kwake kunaweza kuua. Migodi, ukiwamo ule wa North Mara ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ina mitambo mizito ambayo vipuri vyake vinavyobeba mzigo haviwezi kubadilishwa na plastiki.

Hata hivyo, plastiki inaweza kusaidia kupata kipuri cha chuma. Fundi huchapa umbo la kipuri, akalifukia katika mchanga maalumu, akaliondoa, kisha kumimina madini yaliyoyeyuka katika nafasi iliyobaki. Kazi iliyokuwa ikimtaka seremala stadi kuchonga kielelezo cha mbao hupungua muda, na mchoro ukihifadhiwa hutumika tena. Umbo hilo huchapwa likiwa kubwa kidogo kuliko kipuri, kwa kuwa madini husinyaa yanapopoa.

Vifaa tiba vinahitaji uangalifu wa pekee. Kuchapa kitasa cha kabati la dawa ni jambo moja, na kuchapa sehemu inayogusa damu au inayopitisha hewa ya mgonjwa ni jambo jingine. Udhibiti wa vifaa tiba nchini uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na hospitali haipaswi kutumia sehemu ya aina hiyo bila kuzingatia matakwa ya mamlaka hiyo.

Hatua kwa mwananchi mwenye nia

Ujuzi wa kwanza unaohitajika ni wa kupima. Kipuri kilichopimwa kwa rula ya mwanafunzi hakitakaa mahali pake, kwa kuwa tofauti ya nusu milimita inatosha kuifanya gia isiume. Fundi anahitaji kalipa, kompyuta ya kawaida na programu ya kuchorea, ambazo baadhi yake hupatikana bila malipo. Baada ya kuchora, programu nyingine huugawa mchoro katika tabaka na kuandaa maelekezo ambayo mashine huyasoma.

Jambo la pili ni umeme. Printa ndogo haitumii umeme mwingi, lakini kazi ya saa tano ikikatizwa katika saa ya nne huweza kupotea yote, isipokuwa kwa mashine zinazohifadhi mahali zilipofikia. Karakana inayotegemea kazi hiyo inahitaji betri ya akiba au umeme wa jua.

Jambo la tatu ni sheria ya ubunifu. Mchoro huria hutumiwa kwa masharti ya leseni yake. Baadhi ya leseni huruhusu biashara, na nyingine humtaka mtumiaji amtaje mbunifu au aweke wazi maboresho yake. Kipuri chenye hataza inayolindwa nchini hakiruhusiwi kuigwa kwa ajili ya kuuza bila idhini ya mmiliki. Kwa upande mwingine, fundi aliyebuni kitu kipya anaweza kuomba ulinzi kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Ni muhimu afanye hivyo kabla ya kukitangaza hadharani, kwa kuwa uvumbuzi uliokwisha kuwekwa wazi huweza kukosa sifa ya upya.

Kwa ushauri wa kiufundi na wa kibiashara, mafundi wa Tarime na Serengeti wanaweza kuanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, na vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo (TEMDO) iliyopo Arusha hujishughulisha na usanifu wa mitambo kwa ajili ya viwanda. Wabunifu, wakiwamo wa sekta isiyo rasmi, wana fursa pia ya kushiriki Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019.

Historia ya printa ya 3D inaonesha njia mbili ambazo mhandisi anaweza kuzifuata. Crump alilinda uvumbuzi wake kwa hataza, akajenga kampuni, na elimu yake ikawafikia wengine kwa wingi baada ya miaka 20. Bowyer aliiachilia tangu mwanzo, na katika muda wa takriban miaka kumi mashine zilizotokana na wazo lake zilikuwa zikiundwa Nairobi na Dar es Salaam kutokana na vifaa vilivyotupwa. Kila njia ina faida kwa anayeichagua. Kwa fundi wa Sirari, Nyamongo au Mugumu, njia ya pili ina faida ya haraka zaidi: michoro ipo, inaruhusiwa kutumika, na kinachosubiriwa ni mikono iliyofunzwa kupima, kuchora na kurekebisha mashine inapoharibika.